Goosen, Kombuis au Piet Botha: uanze na nani ukitaka roki na kantri ya Kiafrikaans?

Aliyekuwa akimsikia Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, redioni, Nairobi au Arusha, ameshafika mlangoni mwa muziki huu bila kujua. Reeves alizuru Afrika Kusini mwaka 1962 na tena 1963, akaigiza huko filamu ya Kimberley Jim, na akaingia studio kurekodi nyimbo za Kiafrikaans kwa sauti yake ileile ya chini, mdomo karibu na maikrofoni. Waafrikana, yaani Wazungu wa huko wenye lugha ya Kiafrikaans, walimpokea kama ndugu, kwa sababu kantri haikuwa mbali na muziki wa mashamba yao: konsertina, gitaa, banjo, vastrap ya kuchezea ghalani na wals ya taratibu. Waliokuja baadaye waliyachukua mapigo hayo, wakayatia umeme wa roki, na wengine wakaimba kwa miaka thelathini na zaidi.

Tatizo la msikilizaji mgeni ni wingi. Ukitafuta muziki wa Kiafrikaans mtandaoni, kinachojitokeza kwanza ni nyimbo za sokkie, dansi ya wawili wawili, kinanda na dramu za mashine, zote kwa mwendo mmoja. Ukisikiliza tano utadhani umesikia zote, na utaacha. Kwa hiyo hapa tunawaweka bega kwa bega watu watatu wenye kazi ndefu: Anton Goosen, Koos Kombuis na Piet Botha. Chagua kwa kile sikio lako linachokitafuta. Anayetaka nyimbo aende kwa Goosen, anayetaka maneno aende kwa Kombuis, na anayetaka gitaa aende kwa Botha. Sababu ziko hapa chini, pamoja na mahali ambapo kila mmoja anaweza kukukatisha tamaa.

Wapo watakaosita kwa ajili ya lugha yenyewe, na wana haki. Kwetu neno kaburu lilibeba uzito wote wa ubaguzi wa rangi, na wanafunzi wa Soweto walipoandamana tarehe 16 Juni 1976 walikuwa wanakataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Lakini lugha hii haikuwa mali ya serikali ile peke yake. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 6.85 wanaoizungumza kama lugha ya kwanza, na wengi wao si Wazungu. Katika madrasa za Cape Town iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa pwani yetu, na kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi cha lugha hiyo kilipigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Waimbaji hawa watatu, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wanaitoa lugha mkononi mwa askari na mhubiri. Ukilijua hilo, hata wimbo wa mapenzi unausikia kwa namna nyingine.

Anton Goosen

Alizaliwa Bulawayo mwezi Machi 1946, na albamu yake ya kwanza, Boy van die Suburbs, ilitoka 1979. Angalia jina hilo: maneno mawili ya Kiingereza yamekaa ndani ya sentensi ya Kiafrikaans. Wakati ule walinzi wa lugha na shirika la utangazaji la SABC walitaka Kiafrikaans kisafi, na kijana wa mjini hakuwa anazungumza hivyo. Anayeyajua mabishano ya Sheng na Kiswahili sanifu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kabla yake, sehemu kubwa ya pop ya Kiafrikaans ilikuwa nyimbo nyepesi, nyingi zikiwa tafsiri za nyimbo za Kijerumani. Televisheni ilianza Afrika Kusini Januari 1976 tu, na ghafla kukawa na haja ya nyimbo mpya zenye maneno ya kwao. Laurika Rauch aliimba Kinders van die Wind ya Koos du Plessis kwa ajili ya tamthilia ya televisheni mwaka 1979, na mwamko wa watunzi ukapata jina: musiek-en-liriek, yaani muziki na mashairi. Goosen alikuwa injini yake. Alijiimbia mwenyewe na aliwatungia wengine. Waterblommetjies aliyoiimba Sonja Herholdt ni kazi ya kalamu yake. (Waterblommetjie ni ua la bwawani ambalo watu wa Boland, eneo la karibu na Cape Town, hulipika mchuzi pamoja na nyama ya kondoo. Jambo la jikoni likawa wimbo wa taifa zima.)

Jina lake la heshima ni Liedjieboer, mkulima wa nyimbo, na linamfaa. Katika miongo yake ya kazi amelima kila aina: beladi (nyimbo za taratibu), roki, kantri, na vipande vinavyonukia vastrap. Ndiyo maana ni chaguo letu kwa anayependa nyimbo zenye kibwagizo cha kushika, zile unazoweza kuziimba kabla hujaelewa maneno. Wengi humwita baba wa roki ya Kiafrikaans. Tunakubaliana na jina hilo kwa upande wa utunzi. Kwa upande wa kelele za gitaa, hapana, hilo ni la watu wa baada yake.

Kinachoweza kukuangusha kwa Goosen ni upana wake uleule. Ukiweka orodha ya nyimbo zake zichezwe ovyo, utaruka kutoka kwenye beladi ya kinanda hadi roki ya baa ndani ya dakika nne, na utadhani ni waimbaji watatu tofauti. Vilevile rekodi zake za miaka ya 1980 zina sauti ya zama zile, sinta, yaani kinanda cha umeme, mbele na dramu zenye mwangwi mrefu, gitaa limesukumwa nyuma. Anza na albamu ya 1979, isikilize yote kwa mpangilio wake, kisha ruka hadi kazi za jukwaani. Jukwaani gitaa lake kavu linasikika lilivyo.

Koos Kombuis

Hapa lazima tukae zaidi, kwa sababu Kombuis hasikiki vizuri bila kujua alikotokea. Alizaliwa Cape Town mwezi Novemba 1954 kwa jina la André le Roux du Toit. Aliandika vitabu na kuimba kwanza kama André Letoit, na kwa jina hilo alitoa Ver van die ou Kalahari mwaka 1987. Kisha akajiita Koos Kombuis. Kombuis ni jiko. Kiafrikaans chenyewe kilidharauliwa zamani kwa kuitwa Kiholanzi cha jikoni, kama walowezi wa Kenya walivyokuwa na Kiswahili chao cha kuamrishia wapishi, Kisetla. Kulichukua tusi na kulifanya jina la jukwaani ni tamko tosha.

Mwaka 1989 alikuwa mmoja wa watu watatu wakuu wa ziara ya muziki ya Voëlvry. Neno hilo lina maana mbili kwa pamoja: huru kama ndege, na aliyetolewa kwenye ulinzi wa sheria, ambaye yeyote anaweza kumwinda. Wenzake walikuwa Johannes Kerkorrel na Bernoldus Niemand. Kerkorrel, yaani kinanda cha kanisa, alikuwa Ralph Rabie, mwandishi wa habari, na bendi yake ilijiita Gereformeerde Blues Band, bluzi za Kanisa la Reformed. Niemand maana yake ni hakuna mtu, na aliyevaa jina hilo ni James Phillips wa Springs. Lebo ilikuwa Shifty Records ya Lloyd Ross, na gazeti lililowaunga mkono ni Vrye Weekblad la Max du Preez.

Walikuwa wanawaimbia nani? Vijana wa Kizungu ambao sheria iliwalazimu kutumikia jeshi miaka miwili. Ndiyo maana wimbo wa Niemand wenye jina la Hou my vas, korporaal, nishike koplo, uliwachoma. Kerkorrel aliimba Sit dit af, izime, akimaanisha televisheni yenye uso wa Rais P.W. Botha. Baadhi ya vyuo vikuu viliwafungia milango, Stellenbosch kikiwemo. Redioni, kizuizi kilikuwa cha mkono. Kwenye maktaba ya santuri ya SABC, wimbo uliokataliwa ulikwaruzwa kwa kitu chenye ncha, mstari ukikatiza mifereji yote ya wimbo huo mmoja, ili hata mtangazaji jasiri akiweka sindano, isipite. Santuri hizo bado zipo, na mikwaruzo inaonekana kwa macho.

Katika kundi hilo la hasira Kombuis ndiye aliyekuwa na wimbo mtulivu kuliko wote, Lisa se Klavier, piano ya Lisa. Ndio uliodumu. Laurika Rauch aliurekodi baadaye kwa sauti yake nzito yenye utulivu, ukaingia kwenye nyumba ambazo zisingemfungulia Kombuis mlango. Sikiliza matoleo yote mawili, moja baada ya jingine. La Rauch limenyooka, kila noti mahali pake. La Kombuis sauti ni nyembamba, inakaribia kukatika mwishoni mwa mistari, na hapo ndipo utajua kama mtu huyu ni wako. Ukiona sauti ile inakukera, usijilazimishe, rudi kwa Goosen. Ukiona inakusogeza karibu na spika, endelea hadi albamu ya Elke Boemelaar se Droom ya 1994, kisha Madiba Bay ya 1997, ambamo nchi imebadilika na mwimbaji anajaribu kujua sasa aseme nini.

Shida kubwa ya Kombuis kwetu ni lugha. Yeye ni mwandishi kwanza. Gitaa lake ni kavu, koodi chache, na bila maneno nusu ya kazi inapotea. Usimsikilize ukiendesha gari. Kaa na maneno ya wimbo mbele yako na tafsiri kando.

Piet Botha

Baba yake alikuwa Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini tangu 1977 hadi 1994. Piet alizaliwa Julai 1955 na akaenda upande mwingine kabisa, wa nywele ndefu na gitaa la umeme. Bendi yake Jack Hammer ilipiga roki nzito kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Mwaka 1997, akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, ndipo alipotoa albamu ya Kiafrikaans kwa jina lake mwenyewe, 'n Suitcase vol Winter, sanduku lililojaa majira ya baridi. Jan Skopgraaf ikafuata 1999. Alifariki Juni 2019, miezi michache baada ya baba yake.

Kwa mtu aliyelelewa na gitaa la solo, huyu ndiye wa kuanza naye. Nyimbo zake zinatembea polepole. Sauti ni nzito, ya mtu asiyeharakisha, na gitaa linaachiwa nafasi ya kujibu kila mstari, kama solo linavyomjibu mwimbaji kwenye muziki wa dansi. Huhitaji kuelewa neno hata moja ili Goeienag Generaal, usiku mwema jenerali, ikushike. Na ukilielewa jina, ukakumbuka ni mtoto wa nani anayeimba, wimbo unakuwa mzito maradufu.

Udhaifu wake ni kinyume cha wa Goosen: rangi moja. Albamu nzima inaweza kupita kwa mwendo na hali ileile, barabara, usiku, baridi. Nyimbo nne kwa mara moja zinatosha.

Wakiwekwa pamoja

Goosen alianza 1979, Kombuis katikati ya miaka ya 1980, Botha kwa Kiafrikaans 1997. Lakini usifuate mpangilio wa miaka. Anayeanza na 1979 kwa kuwa ni mwanzo hukutana na sauti ya zamani kuliko zote akiwa bado hana hamu, naye huchoka.

Kuhusu kuchanganya lugha, Goosen huchanganya ndani ya sentensi, Kombuis huchanganya kwa makusudi ya kuchokoza, Botha huweka kila lugha kwenye sanduku lake, Kiingereza kwa Jack Hammer na Kiafrikaans kwa jina lake. Kuhusu siasa, Kombuis yuko wazi kuliko wote, Botha huificha ndani ya picha, Goosen huipitishia kwenye hadithi za watu wadogo. Na kuhusu kantri hasa, ile ya Jim Reeves, aliye karibu nayo ni Goosen. Kombuis ana unyofu wake bila ulaini wake. Botha yuko karibu zaidi na bluzi.

Kilichowaweka kazini miaka yote hiyo ni matamasha. Tamasha la Oppikoppi, kwenye shamba karibu na Northam, lilianza 1994, na lile la sanaa la Oudtshoorn likaanza 1995. Msanii wa lugha yenye wasikilizaji milioni chache hawezi kuishi kwa kuuza albamu peke yake. Anaishi kwa barabara, mji hadi mji. Ndiyo maana rekodi zao za jukwaani ni nzuri, na ndiyo maana neno pad, barabara, utalisikia kila mara.

Ukiona watatu hawa wote wamekupita kando kidogo, jaribu Valiant Swart, albamu yake Die Mystic Boer ya 1996. Yuko katikati ya Kombuis na Botha: maneno ya mjanja wa mtaani, gitaa la bluzi. Wapo wanaoona huyo ndiye mlango bora kuliko wote, na hawakosei sana.

Kutamka na kutafuta

Mswahili ana faida hapa. G ya Kiafrikaans ni kh ya kheri, kwa hiyo Goosen hutamkwa karibu na Khuasen. V husomwa f, W husomwa v, J husomwa y. OE ni u, IE ni i. Boer ni bur, Piet ni Pit, Koos ni Kuas. TH ya Botha si ya thelathini, h haisikiki: Buata. Liedjie hutamkwa liki, kwa hiyo Liedjieboer ni likibur. Voëlvry ni fualfrei, na ukitamka v zake kama zetu hakuna atakayekuelewa. Jambo jingine la kukusaidia kusikia: ukanushi hufungwa na nie ya pili mwishoni mwa sentensi. Ukisikia mstari umeishia na ni, jua aghlabu umekanushwa.

Kwenye kutafuta, makosa matatu hujirudia. Kwanza, ukiandika Koos Kombuis peke yake utakosa kazi za mwanzo, tafuta pia André Letoit. Pili, ukiandika Jack Hammer utaletewa mtunzi wa Kimarekani wa jina hilo, aliyeshiriki kutunga Great Balls of Fire. Ongeza Piet Botha pembeni. Tatu, nukta mbili juu ya herufi katika Voëlvry mara nyingine huzuia majibu, jaribu na bila nukta. Kwa kusikia lugha yenyewe ikizungumzwa, redio ya RSG ya SABC inapatikana mtandaoni.

Ukitaka kuzipiga

Kwa mpiga gitaa wa kwetu, kosa la kwanza ni mkono wa kulia. Tumezoea rumba na benga, ambamo gitaa hukaa kando ya pigo na kulivuta. Vastrap na kantri yao hukaa juu ya pigo: gumba hupiga nyuzi za besi kwenye moja na tatu, vidole hupiga koodi kwenye mbili na nne, bila kuteleza. Ukiirembesha, inageuka rumba na wimbo unapotea. Anza mapigo 80 kwa dakika kwa metronomu, gumba peke yake kwa dakika tano, likibadilishana waya wa sita na wa nne kwenye koodi ya G, wa tano na wa nne kwenye C, wa nne na wa tano kwenye D. Ongeza koodi gumba likishatulia. Panda kwa mapigo matano matano hadi 110.

Kombuis ndiye rahisi kuanza naye, gitaa kavu na sauti tosha. Akiwa juu kwa sauti yako, weka kapo na ubaki na maumbo yaleyale ya koodi, usihangaike na koodi za kubana. Goosen anahitaji mtu wa pili wa kibwagizo, la sivyo wimbo unabaki mtupu. Botha anadai gitaa la umeme na uvumilivu. Wengi wanamharibu kwa kujaza noti. Piga noti tatu, vuta waya ya mwisho nusu sauti, iache ilie hadi mwimbaji aanze mstari unaofuata. Kama ampu yako ni ndogo na noti inakufa mapema, ongeza geini kidogo na upunguze sauti, usiongeze noti.

Usiku wa kwanza, weka hivi: Goeienag Generaal, kisha Lisa se Klavier ya Rauch, kisha ileile ya Kombuis, kisha upande wa kwanza wote wa Boy van die Suburbs. Itachukua chini ya saa moja. Ule utakaourudia kesho yake asubuhi bila kuambiwa, mtunzi wake ndiye wa kumfuata mwaka huu.